Baiti ya 16: Historia ya Kusahihisha Mawingu ya Nukta

Upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani, ambao wataalamu huuita laida, huacha nyuma yake faili za nukta. Ndege hutupa chini mipigo ya mwanga maelfu kwa maelfu kila sekunde, kila mpigo unaorudi hupimwa umbali wake, na matokeo huandikwa nukta baada ya nukta mpaka wilaya nzima igeuke wingu la mamilioni ya nukta zenye kimo. Katika mojawapo ya rekodi zilizozoeleka zaidi za fomati ya LAS, nukta moja hubeba baiti 28. Baiti 12 za kwanza husema nukta iko wapi: mashariki, kaskazini na kimo. Mbili zinazofuata husema mwanga ulirudi na nguvu kiasi gani, na ya 15 husema ulikuwa mwangwi wa ngapi kati ya mingapi. Mwishoni huja pembe ya kioo kinachorusha mwanga, baiti moja iliyoachwa kwa matumizi ya mwenye faili, namba ya chanzo ambayo kwa kawaida huwa ni mstari wa ndege, na baiti nane za saa ya GPS. Ukiacha ile ya mwenye faili, zote hizo ni ushahidi wa chombo. Lakini katikati yao, mahali pa 16, imekaa baiti ya namna nyingine kabisa. Hiyo husema nukta ni kitu gani: 2 ni ardhi, 6 ni jengo, 9 ni maji. Hakuna leza inayojua mambo hayo. Ni hukumu ya mtu, au ya programu iliyoandikwa na mtu, na hukumu hubadilika. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kazi hii ilikosea tangu mwanzo ilipofungia ushahidi na hukumu ndani ya chombo kimoja, na kwamba wazo la kuhifadhi masahihisho katika tabaka dogo lililo nje ya faili lilikuwa ndilo jibu lenyewe, ingawa mpaka leo halijapewa nafasi linayostahili.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, na mwaka 1971 Apollo 15 ilikuwa tayari ikipima kimo cha uso wa Mwezi kwa leza. Ndege za kawaida zilichelewa, kwa kuwa kujua umbali kutoka ndegeni hadi chini hakusaidii kitu kama hujui ndege yenyewe iko wapi na imeinama kiasi gani. Hilo lilitatuliwa GPS na vyombo vya kupima mwinamo vilipokomaa katika miaka ya 1990, na hapo upimaji wa leza ukawa biashara. Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuandika nukta, au iliziandika kama maandishi matupu, mstari mmoja kwa nukta moja, faili zikavimba kupita kiasi. Mwaka 2003 chama cha Marekani cha wapimaji kwa picha na vyombo vya mbali, ASPRS, kilitoa toleo la kwanza la LAS, fomati ya wazi ambayo programu yoyote ingeweza kuisoma. Ilikuwa hatua kubwa, na sina nia ya kuibeza. Wapimaji walipata lugha moja. Ila lugha hiyo ilichukulia kwamba faili ni kitu kilichokwisha, kinachokabidhiwa kwa mteja na kufungwa.

Uholanzi inaonyesha vizuri kwa nini dhana hiyo haikutosha. Ni nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na uhai wake unategemea matuta ya kuzuia maji. Ilianza kupima kimo cha nchi nzima kwa leza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, chini ya mradi unaojulikana kama AHN. Upimaji wa pili, uliofanywa kati ya 2007 na 2012, ulizaa nukta zipatazo bilioni 640. Hata zikiandikwa kwa rekodi ndogo kabisa ya LAS, ya baiti 20, hizo ni terabaiti 12.8. Kwa mhandisi wa maji, swali la nukta ipi ni ardhi si la kupamba ramani. Daraja likihesabiwa kuwa ardhi, kompyuta italiona kama bwawa na kuyazuia maji mahali ambapo yanapita kila siku. Tuta likitupwa pamoja na vichaka vilivyoota juu yake, maji yatafurika kwenye ramani mahali ambapo hayafiki kamwe. Sasa tazama hukumu hiyo ilivyohifadhiwa: nukta za upimaji ule wa pili zilitolewa katika mafungu mawili ya faili, moja la nukta zilizochujwa zikabaki kuwa ardhi, la pili la zile zilizochujwa zikatolewa. Hukumu ilikuwa ni mahali nukta ilipolala. Kipande cha tuta kikigundulika kimeingia upande usio wake, kukisahihisha ni kukichomoa katika faili moja na kukipachika katika nyingine. Faili mbili zinabadilika na hakuna hata moja inayosema kilichotokea. Upimaji wa tatu, wa 2014 hadi 2019, uliziunganisha nukta katika faili moja na kuipa kila nukta namba ya aina yake, pamoja na namba 26 kwa madaraja na miundo mingine ya aina hiyo. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Hata hivyo, namba mpya ikiandikwa, ya zamani hufutika.

Kufutika huko ndiko kiini cha tatizo. Katika LAS isiyobanwa kila rekodi ina urefu uleule, kwa hiyo programu inaweza kwenda moja kwa moja kwenye nukta ya 1,200,000, kufuta 6 na kuandika 2, kisha kufunga faili. Ukubwa wa faili ni uleule, jina ni lilelile, na nukta za jirani hazikuguswa. Mtu akija miaka mitatu baadaye na kuuliza kwa nini ramani ya mafuriko ya zamani haifanani na mpya, hana pa kuanzia. Kamati ya LAS yenyewe iliihisi hatari hii. Toleo la 1.1 la mwaka 2005 liliigawa baiti ya 16: biti tano zikabaki kwa aina ya nukta, tatu zikawa alama, na mojawapo ya alama hizo ilikuwa ya kuiambia programu kwamba nukta hii isitumike, bila kuiondoa. Yaani walikubali kwamba nukta mbaya haifai kutupwa, inafaa kuwekwa kando. Wangeupanua uangalifu huo kutoka kwenye nukta hadi kwenye hukumu juu ya nukta, historia ingekwenda njia nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilikuwa ni maamuzi ya watu waliokaa mbele ya skrini saa nyingi wakitenganisha paa na mti.

Wazo la kuweka sahihisho nje ya kitu kinachosahihishwa lilikuwapo zamani, na mabaharia walilitumia muda mrefu kabla ya kompyuta za leo. Chati ya bahari ilichongwa kwenye bamba la shaba kwa gharama kubwa, ikachapwa, ikasambazwa melini kote duniani. Mwamba mpya ukigunduliwa, au boya likihamishwa, haikuwezekana kuzikusanya chati zote na kuchapa upya. Mwaka 1834, Francis Beaufort akiwa mkuu wa idara ya chati ya jeshi la majini la Uingereza, idara hiyo ilianza kutoa Matangazo kwa Mabaharia: maelezo mafupi yenye namba, yanayosema chati ipi, mahali gani, badiliko gani. Utaratibu uliokua kutokana na hapo ni wa kupendeza kwa ukali wake. Afisa melini huchukua karatasi angavu iliyochorwa badiliko, huilaza juu ya chati mahali panapohusika, huchoma alama, huandika badiliko kwa wino wa urujuani usiofanana na ule wa kuchapwa, kisha huandika namba ya tangazo kwenye pembe ya chini ya kushoto ya chati. Ukitazama pembe ile unajua chati imesahihishwa mpaka tangazo lipi, na kama kuna lililorukwa. Chati za pwani ya Afrika Mashariki, ambazo msingi wake uliwekwa na upimaji wa William Owen katika miaka ya 1820, ziliingia katika utaratibu huohuo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichosafirishwa kwenda melini hakikuwa chati nyingine, bali ile tofauti peke yake.

Waandishi wa programu walifika palepale kwa njia yao. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alianza kutengeneza mfumo wa SCCS, uliohifadhi matoleo yote ya faili ya programu kwa kuandika mabadiliko tu. Muda mfupi baadaye, katika maabara hizohizo, Douglas McIlroy na James Hunt walifanya kazi ya kutafuta kwa kompyuta tofauti kati ya faili mbili za maandishi. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya kuichukua tofauti hiyo na kuipachika juu ya faili ya mtu mwingine aliye mbali, na watu wakaanza kutumiana masahihisho ya kurasa chache badala ya programu nzima. Kwa hiyo LAS ilipotoka mwaka 2003, maarifa haya yalikuwa na zaidi ya miaka 30 katika fani ya jirani. Hayakuvuka. Nadhani sababu ni kwamba wapimaji waliiona faili yao kama zao la chombo, kama picha, na picha haina matoleo. Baiti ya 16 ilikuwa imejificha ndani ya picha.

Aliyeyavusha ni Martin Isenburg, Mjerumani aliyesomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, ambako alishughulikia namna ya kubana maumbo ya kompyuta. Programu zake, LAStools, zilijulikana kwa kusoma nukta zikipita kama mto bila kulijaza wingu lote katika kumbukumbu ya kompyuta. Kisha akatoa LASzip, programu huria inayogeuza LAS kuwa LAZ bila kupoteza hata biti moja. Siri yake ni kubashiri: nukta inayofuata hukisiwa kutokana na zilizotangulia, na kinachoandikwa ni tofauti kati ya makisio na ukweli, kwa mafungu ya nukta 50,000. Faili hushuka hadi kati ya asilimia 7 na 25 ya ukubwa wake wa awali. Lakini kubana kulileta jambo lisilotarajiwa, na hapa ndipo ninapoona mgeuko wa historia hii. Ndani ya LAZ huwezi kubadilisha baiti moja palepale ilipo. Ukigusa nukta moja, urefu wa fungu lake hubadilika, na yote yaliyo nyuma yake lazima yasogee. Mlango wa kufuta kimyakimya ulijifunga wenyewe. Aliyetaka kusahihisha alikuwa na njia mbili: kuandika nakala nzima upya, au kuiacha faili ilivyo na kuandika sahihisho pembeni.

Isenburg aliifungua njia ya pili. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 aliingiza katika LAStools faili ndogo zenye mkia wa LAY. Mtu anayesahihisha kwa mkono kwenye skrini, au programu inayotenganisha ardhi na majengo, huandika katika LAY yale tu yaliyobadilika: aina mpya, kimo kipya, nukta iliyoondolewa. Faili ya LAZ haiguswi. Awamu ya pili ya kazi huongeza tabaka jingine juu ya lile la kwanza, na anayesoma anaweza kuagiza yote yatumike, au machache ya mwanzo tu, ili aone wingu lilivyokuwa kabla ya mkono fulani kupita. Tupige hesabu. Kilomita moja ya mraba yenye nukta mbili kwa kila mita ya mraba ina nukta milioni mbili, sawa na baiti milioni 56 kwa rekodi ya 28. Tuseme msahihishaji amebadilisha aina ya nukta 5,000. Hata tukiandika bila ujanja wowote, baiti nne kutaja namba ya nukta na moja kwa aina mpya, ni baiti 25,000: chini ya sehemu moja kati ya 2,000 ya faili nzima. Kazi ya siku nzima ya mtaalamu inaingia katika kiambatisho cha barua pepe kisichomsumbua mtu.

Pingamizi la kwanza husema diski siku hizi ni rahisi, basi nakili faili nzima kila mara. Anayesema hivyo anafikiri tabaka ni mbinu ya kuokoa nafasi. Nafasi ni faida ndogo. Nakala kumi za wingu moja hazisemi zimetofautianaje; ili kujua lazima ulinganishe nukta milioni mbili mara tisa, na bado hutajua ipi ilitangulia ikiwa mtu alizibadilisha majina. Tabaka lenyewe ndilo maelezo ya tofauti. Linaweza kusomwa, kukaguliwa na msimamizi, kukataliwa peke yake na mengine yakabaki. Na kwa ofisi ambazo intaneti yake husuasua, kutuma kilobaiti 25 badala ya makumi ya megabaiti si jambo la anasa.

Pingamizi la pili ni la mteja, na lina haki yake: mhandisi anataka faili moja iliyo safi, hana haja ya kujua nani alibadili nini. Apewe. Kuunganisha wingu na matabaka yake ni amri moja ya kompyuta. Lakini kazi hiyo huenda upande mmoja tu. Kutoka wingu la asili na matabaka unapata faili safi wakati wowote. Kutoka faili safi hupati tena wingu la asili. Anayehifadhi ile safi peke yake ameteketeza ushahidi kwa ajili ya usafi wa rafu.

Wengine husema hata vimo si ushahidi mtupu, kwa kuwa mistari ya ndege hurekebishwa ili ioane, na kusogea kwa sentimita chache huigusa kila nukta. Ni kweli, na ndiyo maana mpaka niliouchora kati ya baiti za ushahidi na ile ya hukumu si ukuta. Ila marekebisho ya namna hiyo mara nyingi huelezwa kwa namba chache zinazohusu mstari mzima wa ndege: pandisha mstari huu kwa sentimita 12. Hakuna sahihisho linalofaa zaidi kuandikwa pembeni kuliko hilo. Na pale ambapo kila nukta imehesabiwa upya kwa njia yake, basi huo ni upimaji mpya, uandikwe kama upimaji mpya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nne. Tabaka huitambua nukta kwa nafasi yake katika foleni. Mtu akipanga upya faili, akaikata vipande au akaiunganisha na ya jirani, nukta ya 1,200,000 si ileile tena, na tabaka litabandika hukumu juu ya nukta nyingine bila kulalamika. Masahihisho ya maandishi huvumilia zaidi, kwa sababu hubeba mistari ya jirani na programu inaweza kutafuta mahali pake hata kama pamesogea. Nukta ya leza haina jirani wa kudumu. Tatizo hili limekua, kwa kuwa fomati za karibuni zilizotengenezwa kwa ajili ya kusomwa kupitia intaneti, kama COPC ya mwaka 2021, hupanga nukta upya katika vijumba ndani ya vijumba. Hata hivyo dawa ipo ndani ya zile baiti 28. Saa ya GPS pamoja na namba ya mwangwi, na katika LAS 1.4 njia ya skana, karibu kila mara huitofautisha nukta moja na nyingine zote, popote itakapopangwa. Na tabaka linaweza kubeba alama ya kihesabu ya faili liliyoandikiwa, likakataa kufunguka juu ya nyingine. Huu ni udhaifu wa utekelezaji, na watu wenye nia wangeweza kuuziba.

Wazo lenyewe halikufa. Isenburg aliliingiza kwa namna nyingine ndani ya LASzip yenyewe: alipoiandaa kwa nukta mpya za LAS 1.4, sifa za nukta zilitenganishwa ndani ya kila fungu, hivyo msomaji anaweza kufungua vimo na aina bila kugusa saa ya GPS. PDAL, mkusanyiko wa programu huria za mawingu ya nukta, nao uliweka uwezo wa kuandika sifa za ziada pembeni mwa wingu lililopangwa kwa mfumo wa EPT, zikasomwa pamoja nalo au zikaachwa, wingu lenyewe lisibadilike. Watu wawili wanaofika kisima kimoja kwa njia mbili wanashuhudia kwamba maji yapo. Lakini Isenburg alifariki mwaka 2021, na LAY haikuingia kamwe katika viwango vya LAS. LAZ, iliyozaliwa nje ya kamati vilevile, ilienea duniani kwa sababu ilimpunguzia kila mtu gharama siku ileile alipoanza kuitumia. Faida ya LAY humfikia mtu atakayeuliza swali baada ya miaka mitano, na mtu huyo hayupo mezani mkataba unaposainiwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili limekwisha kubisha hodi. Misitu ya miombo ya Liwale na ile ya Amani huko Usambara ilipimwa kwa leza ya ndege katika miaka ya mwanzo ya 2010 ili kukadiria uzito wa miti. Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa droni mwaka 2016, na mawingu yatokanayo na picha za namna hiyo huhifadhiwa mara nyingi katika LAS na LAZ zilezile, yakiwa na kazi ileile ya kuamua kipi ni ardhi na kipi ni kuti la mnazi. Vimo hivyo ndivyo vitakavyoulizwa mafuriko yatakapokuja katika bonde la Mto Msimbazi au bahari itakapopanda, na hukumu zilizoandikwa leo zitasahihishwa na vijana ambao bado wako shuleni. Kwa hiyo anayeandika zabuni ijayo ya upimaji wa leza au wa droni, awe Dodoma, Nairobi au Zanzibar, na adai kwa maandishi wingu la asili lisiloguswa, masahihisho yote katika faili za pembeni zenye tarehe na jina la aliyesahihisha, na alama ya kuitambua kila faili. Na asipokee kazi ambayo vitu hivyo havimo.